Haki ya Mtunzi na Wepesi wa Kunakili

Swali ambalo vijana hunijia nalo mara nyingi, tangu nilipostaafu ukarani wa mahakama, si la mirathi wala la talaka, ambayo ndiyo mambo niliyoyaandika katika majalada kwa sehemu kubwa ya umri wangu, bali ni hili: je, kuchukua sinema au wimbo katika intaneti, ukaunakili na kumgawia mwenzio, ni halali au ni kosa? Huuliza kwa wepesi, wakitaraji jibu la neno moja, nami siwapi neno moja, kwa sababu ndani ya swali hilo mna mambo mawili ambayo sheria imeyatenga na mazoea ya watu yameyachanganya. Haya niliyonayo ya kuwaambia nimeyapata kidogo kwa kusoma na zaidi kwa kuishi, maana nimekulia mahali ambapo nyimbo zilinakiliwa mchana kutwa mbele ya macho yangu, na waliofaidika kwa kazi hiyo nikawajua, na wasiofaidika nikawajua pia.

Mwisho wa miaka ya 1970 ami yangu alikuwa na duka dogo Ngamiani, katika mji wa Tanga, ambamo upande wa mbele ziliuzwa betri, tochi na nyembe, na upande wa nyuma, katika chumba kisichokuwa na dirisha, zilikaa mashine za kurekodia kaseti. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na jioni kazi yangu ilikuwa kuandika maagizo ya wateja katika daftari. Mteja alileta kaseti tupu au aliinunua pale pale, akataja nyimbo azipendazo, akalipa, na kesho yake akarudi kuichukua. Baadhi ya nyimbo zilitoka katika santuri, na nyingi za santuri hizo zilikuwa zimetengenezwa Nairobi, kwa kuwa bendi zetu zilivuka mpaka kwenda huko kutafuta studio na kiwanda. Lakini nyingi zaidi ami alizinasa usiku kutoka Radio Tanzania, akiwa amekaa kando ya redio, kidole juu ya kitufe, akimngoja mtangazaji amalize maneno yake. Tulikuwa na taarabu ya Black Star na ya Lucky Star, vikundi vya mji wetu wenyewe ambavyo sifa yao ilikuwa imeenea pwani yote, tulikuwa na muziki wa dansi wa Dar es Salaam, na tulikuwa na nyimbo za Misri na za sinema za Kihindi kwa wale waliozipenda.

Hapana mtu mjini aliyeliona duka lile kuwa ni mahali pa dhuluma. Ami yangu alikuwa mtu wa swala tano, mwaminifu wa mizani na wa chenji, ambaye akikuta mteja amesahau senti zake mezani alimtuma mtoto amfuate mpaka nyumbani. Hoja yake ilikuwa fupi, naye aliiamini kwa moyo safi: wimbo umekwisha pigwa redioni, watu wote wameusikia bure, na kilichokwisha pita hewani hakina mwenyewe.

Miongoni mwa waliofika dukani alikuwamo mpiga udi mmoja, mtu mzima, mpole wa maneno, ambaye katika nyimbo tulizouza baadhi zilikuwa na shairi lake na nyingine zilikuwa na mlio wa udi wake. Ami alimpokea kwa taadhima, akamletea kiti na kahawa, na kumwita Fundi, kama ilivyo desturi ya kuwaita mabingwa wa kazi ile. Jioni moja Fundi alikuwapo wakati mteja alipolipia kaseti yenye wimbo wake. Akangoja mteja aondoke, kisha akauliza bei, akaambiwa. Akasema kwa sauti ile ile ya upole: "Bwana, katika bei hii mashine ina fungu lake, kaseti ina fungu lake, umeme una fungu lake, na wewe una fungu lako. Shairi langu fungu lake liko wapi?"

Ami akamjibu: "Fundi, sisi ndio tuliokufanya ujulikane Pangani na Lushoto na Mombasa."

"Kujulikana nimejulikana," akasema Fundi. "Hata mwenye nyumba yangu ananijua, na kodi yake anaidai vile vile."

Nimesikia hoja nyingi baada ya siku ile, za mawakili waliosoma na za washitakiwa wasiosoma, wala sijasikia iliyolieleza jambo hili kwa usahihi zaidi. Fundi hakumwita ami mwizi. Kaseti ilikuwa ya ami, mashine ilikuwa ya ami, na taabu ya kukesha ilikuwa ya ami. Alichosema ni kwamba katika kitu kile kilichouzwa mlikuwa na sehemu ambayo si ya ami, na kwa kuwa sehemu hiyo haikushikika kwa mkono, kila mtu aliipita kana kwamba haipo. Na sheria ilikuwapo upande wake, maana nchi yetu ilikuwa imetunga Sheria ya Hakimiliki tangu 1966. Bali sheria isiyokuwa na mtu wa kuisimamia wala ofisi ya kukusanya fungu la mtunzi na kumfikishia, kwa mtu kama Fundi ilikuwa sawa na kutokuwapo.

Hata hivyo insafu yanilazimu niseme na upande wa pili. Nyimbo nyingi za miaka ile hazikupata kuwa santuri. Ziliimbwa, zikarekodiwa kwa ajili ya redio, zikarushwa hewani, na baada ya hapo zikabaki katika ghala la kanda ambamo msikilizaji wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuingia. Joto na unyevu wa pwani ni adui wa kanda. Wapenzi wa taarabu wanaotafuta leo nyimbo za ujana wao aghalabu huzipata katika kaseti za majumbani, zilizotunzwa na mabibi ndani ya makasha pamoja na khanga zao za harusi, na kaseti hizo zilitoka katika vyumba kama kile cha ami yangu. Asemaye kwamba kila aliyenakili aliharibu, hajui historia ya muziki wetu. Waliobeba nyimbo mpaka zikatufikia ndio hao hao waliomnyima Fundi fungu lake, na sioni njia ya kulitaja moja nikaliacha jingine.

Na sheria za mataifa, nilipokuja kuzisoma, nikaona kuwa zimelitambua jambo hili. Mwaka 1965 Ujerumani iliona kwamba haiwezekani kuweka askari katika kila nyumba yenye mashine ya kurekodia, ikaamua kutoza ushuru mashine zenyewe ili fedha hiyo iwafikie watunzi. Mwaka 1984 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua katika shauri la mashine za video za Betamax kwamba mtu anayerekodi kipindi cha televisheni nyumbani kwake ili akitazame baadaye hatendi kosa. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyoitunga Tanzania mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, inamwachia mtu nafasi ya kunakili kazi iliyokwisha tolewa kwa matumizi yake binafsi. Almuradi, mtu aliyekaa na redio yake usiku, akanasa wimbo ili ausikilize yeye na jamaa zake, hakuwa mhalifu kwa mujibu wa sheria hizi. Duka la ami lilikuwa upande wa pili wa mpaka, kwa sababu lilinakili ili liuze.

Mpaka huo ndio jambo la kwanza ninalowaambia vijana: kunakili kwa ajili ya nafsi yako ni jambo moja, na kugawa ni jambo jingine. Zamani mambo haya mawili yalijitenga yenyewe, bila ya hakimu, kwa sababu kugawa kulihitaji mali na taabu. Nakala moja ya kaseti ilichukua muda wake, iligharimu fedha zake, na nakala ya nakala ilififia, hata ikifika ya nne au ya tano sauti ya mwimbaji ilikuwa imezama ndani ya mvumo.

Kabla sijafika katika intaneti, yanipasa nitaje kisa cha mtu ambaye hakuibiwa na mwenye duka bali na karatasi iliyotiwa saini, maana wako wanaodhani kwamba mtunzi hudhulumiwa na wanakili peke yao. Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu, alirekodi wimbo wake uitwao Mbube katika studio ya Gallo mjini Johannesburg mwaka 1939, na haki zake zikachukuliwa kwa malipo ya shilingi kumi. Wimbo ule ulivuka bahari, ukaimbwa Marekani na kundi la The Weavers, kisha mwaka 1961 kundi la The Tokens likauimba kwa maneno mapya ya Kiingereza na ukashika nafasi ya kwanza katika nchi ile kubwa. Linda alifariki Soweto mwaka uliofuata, fukara. Wimbo ulipoingizwa katika The Lion King, filamu ya Disney ambayo baadhi ya wanyama wake wamepewa majina ya lugha yetu, warithi wa Linda walikuwa wangali wakiishi kwa dhiki. Mwaka 2004 wakafungua shauri, na silaha yao ikawa sheria ya Uingereza ya 1911 iliyotumika katika makoloni, iliyosema kwamba haki alizoziuza mtunzi hurejea kwa warithi wake inapotimia miaka 25 baada ya kufa kwake. Februari 2006 wakapatana nje ya mahakama na kulipwa. Nilipokisoma kisa hiki nilikuwa nimekwisha andika hukumu nyingi za mashamba na nyumba, na kikanithibitishia jambo ambalo Fundi alilijua bila ya kusoma: kwamba wimbo ni milki, hurithiwa, na dai lake laweza kungoja muda mrefu kuliko uhai wa mwenyewe.

Miaka ya 1990 ikaja na vibanda vya video. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, kwa hiyo huku kwetu kanda ya video ilipokewa kwa shauku ya watu walionyimwa kwa muda mrefu. Watoto walilipa kiingilio wakakaa juu ya mikeka, na baadaye wakatokea wafasiri hodari waliozisimulia sinema za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili chenye ladha, ambao ufundi wao naustahi. Lakini kuonyesha watu kwa kiingilio si kutazama nyumbani, na kufasiri kazi ya mtu kwahitaji idhini yake kama kuichapa kunavyoihitaji. Hapa sheria haina utata, nami sina la kuongeza.

Katika Idi moja mwana wa ndugu yangu, aliyekuwa akisoma chuo Dar es Salaam, alikuja kutuamkia na kompyuta yake begani. Usiku nikamkuta akiteremsha sinema mpya. Nikamwuliza kama jambo lile ni halali, akanijibu kwa adabu: "Ami, mimi siuzi. Natazama tu, tena mwenyewe."

Nikamwomba anionyeshe jinsi chombo kile kinavyofanya kazi, naye akanieleza vizuri kuliko kitabu. Mtu mmoja mwenye sinema nzima huigawa katika vipande vidogo vidogo, kama mtu aliyefungua jalada la kitabu akawapa watu mia kila mmoja ukurasa wake. Kisha watu hao, kila mmoja popote alipo duniani, hupeana kurasa walizonazo, hata baada ya muda kila mmoja wao awe na kitabu kizima. Ustadi huo, uitwao BitTorrent, uliundwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001, na wenyewe si haramu, kwa kuwa wako wanaoutumia kugawa programu na maandishi ambayo wenyewe wameyaruhusu. Juu ya kioo niliona tarakimu mbili zikibadilika. Ya kwanza, akasema, ni kasi ya kile kinachoingia. Nikamwuliza ile ya pili.

"Ile, ami, ni kile ninachowapelekea wengine."

"Basi hutazami tu," nikamwambia. "Umekaa hapa barazani kwetu unawagawia watu usiowajua mali ya mtu usiyemjua."

Kijana alinyamaza, akaitazama tarakimu ile kama mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza. Hapa ndipo palipo na badiliko kubwa ambalo watu wengi hawajalitia maanani. Dhamiri zetu zimelelewa na kaseti, na kwa dhamiri za kaseti anayepokea ni anayepokea tu, na mgawaji ni yule mwenye duka. Katika mtandao wa aina hii mpokeaji ni mgawaji papo hapo, hata kama hakukusudia, na nakala ya milioni haififii kuliko ya kwanza. Ule mpaka ambao zamani ulilindwa na gharama na uchovu sasa hauna mlinzi.

Walioanzisha biashara hizi za kugawana kazi mtandaoni katika nchi za mbali walijitetea kwa hoja ambayo karani yeyote wa mahakama ya jinai angeitambua. Napster, iliyozuka Marekani mwaka 1999 kwa kazi ya kijana Shawn Fanning, haikuweka nyimbo kwake. Iliweka orodha ya majina ya watu walio nazo, na mahakama ikaamua kwamba hilo latosha kuitia hatiani, ikafungwa mwaka 2001. Wenye tovuti ya The Pirate Bay ya Uswidi walisema vivyo hivyo, kwamba wao huonyesha njia tu. Aprili 2009 mahakama ya Stockholm ikawahukumu watu wanne kifungo cha mwaka mmoja kila mtu na fidia ya kronor milioni 30, na rufaa ya mwaka uliofuata ikapunguza vifungo na kuongeza fidia. Sikushangaa. Katika mahakama zetu ndogo kabisa mtu aliyesimama njiapanda akawaonyesha wezi zizi la ng'ombe hakupata kuachiliwa kwa kusema kwamba kamba hakuishika yeye.

Kwetu serikali ilijaribu kwa njia ya stempu za kodi, zilizoanza kubandikwa juu ya CD na DVD za muziki na filamu mwaka 2013, ili mnunuzi aijue nakala halisi kwa kuitazama. Lilikuwa wazo jema lililokuja soko likiwa limekwisha anza kuhama. Watu waliacha CD, wakaanza kupeleka memori kadi na simu zao kwa vijana wa vibandani wenye kompyuta, wakaingiziwa nyimbo kwa mamia kwa fedha kidogo, na juu ya wimbo uliomo ndani ya simu hapana mahali pa kubandika stempu.

Mmoja wa vijana hao aliletwa katika mahakama niliyokuwa nikiitumikia, nami ndimi niliyeandika maelezo yake. Alikuwa na adabu, na jibu lake alikuwa amelitayarisha: alilipa leseni ya biashara, alilipa pango, alilipa umeme, na kompyuta aliinunua kwa mkopo ambao alikuwa hajaumaliza. Hakimu akamwuliza: "Na mwenye wimbo?" Akajibu: "Mheshimiwa, yule simjui." Mkono wangu ukasita juu ya karatasi, kwa kuwa nilikuwa nimeyasikia mafungu yale yale yakihesabiwa miaka mingi nyuma, na mwisho wake ukiwa ule ule. Tofauti ni kwamba ami yangu alimjua Fundi, alimpa kiti na kahawa, na ilimbidi alisikie dai lake uso kwa uso. Kijana huyu hakuwa na njia ya kumjua, maana katika kadi alizouza nyimbo nyingi zilikuwa zimeondolewa hata jina la mwimbaji, zikaitwa kwa namba, au kwa jina la kibanda chenyewe. Na haki ya kutajwa jina ni haki ya mtunzi katika sheria kama ilivyo haki ya kulipwa. Kijana alitozwa faini.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, katika kifungu chake cha 24, imeandika kwamba atumiaye mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za ubunifu za mwingine, hata asipofanya biashara, hustahili faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Na akifanya biashara, milioni 20 au miaka 5. Nimeitumikia mahakama kwa uaminifu na sheria naiheshimu, lakini rai yangu ni kwamba adhabu ya yule asiyefanya biashara imezidi kipimo. Hakimu mwenye huruma huona uzito kumfunga mwanafunzi miaka mitatu kwa ajili ya sinema moja, na sheria ambayo hakimu huona uzito kuitumia huishia kuwatisha wote na kumrekebisha mmoja mmoja. Ningependa kuona faini ndogo ya hakika, na fedha yake ikaenda kwa mtunzi aliyekosewa badala ya kuishia katika mfuko mkuu.

Katika baraza letu, baada ya swala ya alasiri, jambo hili lilizusha mjadala. Mzee mmoja alishika kwamba elimu haifichwi, na kwamba wazee wetu walinakili vitabu vya dini na tenzi kwa mkono, wakapeana kwa ajili ya thawabu, wala hapana aliyedai chochote. Ni kweli tupu, na ni sifa ya pwani hii. Sheikh aliyekuwapo akatukumbusha kwamba wanazuoni wameliangalia suala hili jipya, na kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, zina thamani ya mali katika desturi za zama hizi, na kuzivunja hakufai. Mzee akauliza, basi waliotunakilia tenzi walikosa? Sheikh akasema hawakukosa, kwa kuwa mwenye utenzi alikusudia usomwe na kuenezwa, wala hakuutegemea kwa chakula cha watoto wake. Mimi naliridhika na jawabu lile, na kila nikilifikiri naliona kuwa limegusa mahali pake: kinachotazamwa ni kusudi na idhini ya mwenyewe. Msanii wa leo anayeuweka wimbo wake mwenyewe katika intaneti na kusema chukueni, huyo ametoa, na kuuchukua ni halali kama maji ya bomba la wakfu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayana tena mwenye kuyadai, na atakaye ayachape, ayaimbe, ayaeneze. Anayeusikiliza wimbo katika huduma ambayo msanii ameuweka kwa hiari yake na hulipwa kwa matangazo au kwa ada ya mwezi, hakumnyima mtu kitu. Aliyenyimwa ni yule ambaye kazi yake ndiyo shamba lake, hakutoa idhini, na tukaigawana.

Kuna wasemao kwamba wasanii wenyewe hufaidika kwa kuenezwa, kwamba mwimbaji aliyenakiliwa sana huitwa katika maonyesho na kulipwa huko. Huenda ikawa hivyo kwa kijana mwenye nguvu za kusafiri kila wiki. Haikuwa hivyo kwa Fundi aliyekuwa mzee, wala si hivyo kwa mshairi, ambaye hapandi jukwaani, wala kwa mwandishi wa hadithi ya sinema, wala kwa mjane wa yeyote kati yao.

Fundi alifariki mwaka 1994, na jalada la mirathi yake likapita mikononi mwangu. Nalikumbuka kwa sababu nilimjua marehemu, na kwa sababu ya orodha ya mali iliyoletwa na binti yake mkubwa: nyumba moja ya udongo, minazi michache upande wa Pongwe, saa ya mkono, na udi mmoja. Mashairi hayakuwamo. Hakuna aliyeyaficha, bali haikumjia mtu yeyote akilini, wala shahidi, wala hakimu, kwamba ni mali, ijapokuwa wiki ile ile yalikuwa yakipigwa katika harusi za mji mzima, na nyumba na minazi havikuzidi thamani ya vile ambavyo vingepatikana kama kila kaseti ingalikuwa na fungu lake. Kwa sheria iliyopo leo haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake haki za mashairi ya Fundi zingali hai hata mwaka 2044, na warithi wake wako Tanga hii hii. Nimeziona nyimbo zake mbili katika intaneti, zimewekwa na mtu anayezipenda kwa dhati, kama alivyozipenda ami yangu, na chini yake hakuandika jina la mtunzi.

Basi wewe uliye na kaseti za zamani ndani ya kasha, ukitaka kuzipandisha katika intaneti ili zisipotee, fanya hivyo kwa adabu yake: uliza kwa wazee wimbo ni wa nani, andika jina la mshairi na la mpigaji, watafute warithi wao uwaombe idhini, na kikipatikana chochote wapelekee fungu lao. Wewe utakayekaa kikao cha mirathi ya mshairi au mwanamuziki, zitaje kazi zake katika orodha pamoja na nyumba na minazi, na uende COSOTA ukaziandikishe, au COSOZA ikiwa uko Zanzibar. Na wewe kijana mwenye kompyuta, usiku wa leo utakapoteremsha sinema, itazame ile tarakimu ya pili.